Koti la viraka la jukwaani

Msimu wa tamasha za maigizo ya shule ukifika, wazazi wengi huletewa ombi kama nililoletewa mimi hapa Nyeri: mtoto anataka koti la viraka. Mchezo wao ulihusu wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Nikajiona fundi. Nikachukua vipande vya kitenge, vyekundu kwa vya manjano, nikavibandika huku na huko. Kijana alipolivaa, nyumba nzima ilicheka, isipokuwa mama mkwe. Yeye alikuwa msichana mdogo mwaka 1954, watu walipohamishiwa katika vijiji vya Hali ya Hatari.

"Mama Kimani," akaniambia, "baba yangu hakuvaa viraka ili achekwe. Kiraka kiliwekwa palipotoboka."

Niliona haya. Tukaanza upya pamoja, na haya ndiyo niliyojifunza.

Nunua koti kuukuu la mitumba. Langu lilitoka soko la Karatina. Liwe pana, kwa maana mwigizaji atakimbia na kuinua mikono. Waombe mafundi wa cherehani masalio ya kaki, jinzi na blanketi, rangi zilizofifia. Fua vyote kwanza, visije vikanywea baadaye.

Mvalishe mtoto koti, kisha tia alama za chaki panapochakaa kweli: viwiko, mabega, midomo ya mifuko. Kata viraka visivyopungua upana wa kiganja, kwani vidogo havionekani na aliyeketi nyuma ya ukumbi. Kunja ukingo sentimita 1, piga pasi, shika kwa pini, halafu piga bandi. Kwa cherehani tumia sindano nambari 16, maana nguo ni nzito. Mikono ya koti ishone kwa mkono, ukiwa umetia kitabu ndani ili usiunganishe pande mbili. Uzi uwe mnene na mishono mirefu.

Nguo zilipowaishia, wapiganaji walishona ngozi za wanyama. Dedan Kimathi aliponaswa huku kwetu Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Wewe usiitafute ngozi hiyo, ni hatia! Kipande cha blanketi lenye manyoya kinatosha.

Siku ya mchezo hakuna aliyecheka kijana alipoingia jukwaani. Ulipokwisha, mama mkwe alimwita mjukuu wake, akapapasa kiwiko cha lile koti. Akasema la baba yake lilitoboka papo hapo. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi, na kabla ya koti hilo sikuwahi kumsikia akimtaja.

Je, una mzee nyumbani? Muulize kabla hujatia mkasi kitambaani.