Mto wa Mwinyi, Njia ya Umma

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii huenda wakashangaa kuniona nikiandika juu ya watu wazima wanaovaa mpira mwili mzima na kujirusha kwenye maporomoko ya maji. Wamezoea kunisoma nikijadili bajeti, katiba na migomo ya wahadhiri. Nawaomba wanivumilie. Mchezo huo wa kuteremka makorongo, ambao Waskoti wameufanya kuwa biashara katika mito ya milimani kwao, umebeba siasa nyingi kuliko mijadala mingi ninayoisikiliza redioni. Ndani yake mna maswali mawili ambayo hatujayajibu hapa nyumbani: nani ana haki ya kuingia mtoni, na nani ana mamlaka ya kusema kwamba leo mto hauingiliki.

Nilikuwa Edinburgh kwa kongamano mwezi Septemba, na baada ya vikao baadhi yetu tulisafiri kaskazini hadi Perthshire, karibu na kijiji cha Blair Atholl. Huko mto Bruar unateremka katika korongo jembamba la miamba kabla ya kukutana na mto Garry. Maji yake yana rangi ya chai ya rangi, kwa sababu yanapita kwenye udongo mweusi wa mboji huko juu nyandani. Tulikuwa wanane, tukiwa na waelekezi wawili. Mkuu wao alikuwa binti ambaye umri wake haukuzidi ule wa wanafunzi wangu wa uzamili. Alitukagua mmoja baada ya mwingine: kofia ngumu, jaketi la kuelea, mikanda ya kamba kiunoni na mapajani. Kisha tukashuka, mara kwa kamba pembeni mwa maporomoko, mara kwa kuteleza juu ya mwamba uliolainishwa na maji kwa maelfu ya miaka, mara kwa kuruka ndani ya vidimbwi vyeusi. Kabla ya kila mruko, mwelekezi mmoja alitangulia majini na kupima kina upya. Alitueleza kwamba mafuriko ya wiki iliyopita yanaweza kuwa yameleta gogo au jiwe mahali palipokuwa wazi mwezi uliopita, na kwamba mto hautoi taarifa.

Baridi ya maji yale sitaieleza. Aliyewahi kuoga alfajiri ya Julai kule Limuru azidishe mara tatu.

Mambo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike. La kwanza ni kwamba tuliingia korongoni bila kuomba ruhusa ya mtu. Sehemu hizo kwa karne nyingi zimekuwa chini ya makabaila wakubwa wa ukoo wa Atholl. Mwaka 1787 mshairi Robert Burns alipoyatembelea maporomoko hayo na kuukuta mto hauna kivuli, alitunga shairi ambamo mto wenyewe unamsihi Duke apande miti kandokando yake. Hata mto ulilazimika kupeleka ombi kwa mwinyi! Nilipomuuliza binti yule ardhi ni ya nani, alinijibu kwa kutaja shamba kubwa, halafu akaendelea kukunja kamba yake, kana kwamba nimemuuliza jina la binamu yake wa mbali.

La pili alilisema baadaye, tulipokuwa tukivua nguo zile nzito. Siku moja kabla yetu alikuwa amelifuta kundi zima. Mvua ilikuwa imenyesha usiku huko juu, kipimo cha maji kilikuwa kimepanda, na yeye aliona povu mahali pasipopaswa kuwa na povu. Wateja walirudishiwa fedha zao. Nilimuuliza kama yeye alilipwa siku hiyo. Alinitazama kwa mshangao kidogo. Bila shaka alilipwa.

Nianze na lile la kwanza. Wepesi wa binti yule wa kupuuza swali la umiliki una historia, na sehemu ya historia hiyo ilitokea kilomita chache tu kutoka Bruar, katika bonde la mto Tilt. Mnamo 1847 John Hutton Balfour, profesa wa botania wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikuwa akishuka bonde hilo na wanafunzi wake baada ya safari ya kukusanya mimea. Duke wa Atholl wa wakati huo, aliyetaka bonde libaki la kulungu na wawindaji wake, aliwazuia njiani akiwa na watumishi wake. Wakabishana. Profesa na vijana wake hatimaye waliruka ukuta na kukimbilia njia yao. Kisa hicho kilitungiwa wimbo wa kejeli ulioimbwa mjini, lakini hakikuishia katika kicheko. Chama cha kutetea njia za umma, kilichoundwa Edinburgh mwaka 1845, kiliunga mkono kesi iliyofika hadi bunge la mabwanyenye huko London, na njia ya Glen Tilt ikabaki wazi. Hadi leo watu wanaipita kwa miguu.

Nawataja wanafunzi wale kwa makusudi. Mwaka 1999 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi waliingia barabarani kuutetea msitu wa Karura, baada ya Wangari Maathai na wenzake kupigwa walipokwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyogawiwa wajenzi. Anayetembea Karura leo Jumapili asubuhi na watoto wake anatembea juu ya njia iliyolipiwa kwa majeraha ya kichwa. Huwa nawauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kama wanalijua hilo. Wachache huinua mikono.

Waskoti nao hawakupewa. Mtalii huambiwa kwamba nyanda zao ni pori lisiloguswa, na picha za matangazo humwonyesha mlima, ukungu na kulungu mmoja. Ukiwa ule ulitengenezwa na watu. Huko Strathnaver, katika jimbo la Sutherland, wakulima walifukuzwa mwaka 1814 na tena 1819 ili kondoo wachukue nafasi yao, na nyumba zao zikachomwa moto. Patrick Sellar, wakala wa shamba hilo, alishtakiwa Inverness mwaka 1816, na akaachiliwa huru. Sisi tunaotoka nchi ambako mbuga zimepatikana kwa kuwahamisha wafugaji tunapaswa kuwa wa mwisho kuamini neno pori.

Kutokana na historia hiyo ndefu ilizaliwa sheria ya ardhi ya mwaka 2003, moja ya kazi za mwanzo za Bunge la Uskoti lililorejeshwa 1999. Sheria hiyo inampa kila mtu haki ya kupita na kujiburudisha katika karibu ardhi yote na maji yote ya ndani, mradi afanye hivyo kwa uwajibikaji. Haihusu magari, uwindaji wala uvuvi, na haimruhusu mtu kukaa chini ya dirisha la nyumba ya mwingine. Lakini inamhusu hata mwelekezi anayelipwa: shughuli ambayo mtu angeweza kuifanya bure kwa haki yake, anaweza pia kuifanya kama kazi. Binti wa Bruar anapata riziki yake katika kifungu hicho. Tena halmashauri za wilaya zimepewa wajibu wa kuitetea haki hiyo, kwa hiyo mwenye shamba akifunga lango, si mpita njia peke yake anayebaki kupambana naye.

Sitaki kuipamba nchi ya watu. Umiliki wenyewe haujatikisika sana: kwa makadirio yanayonukuliwa mara nyingi, nusu ya ardhi ya mashambani iliyo mikononi mwa watu binafsi inamilikiwa na watu wasiofika mia tano. Mwaka 2007 mahakama ya Perth ilimruhusu mwenye kasri moja kuubakiza uzio wake. Na haki ya kuingia mtoni ni ya bure, lakini nguo ya mpira, kamba na mwelekezi si vya bure. Katika kundi letu hapakuwa na mkazi hata mmoja wa mitaa ya maskini ya Glasgow. Haki ya kupita si haki ya kumiliki, wala haimvishi asiye na nguo.

Hata hivyo, tazameni jinsi mambo yalivyogeuzwa kichwa chini kati yao na sisi. Uskoti, kitanda cha mto ulio mbali na bahari ni mali ya mwenye ardhi ya ukingoni, na umma una haki ya kupita. Kenya, kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinahesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma, na umma hauna njia. Anayetaka ushahidi aende Naivasha. Ziwa ni letu sote kwa mujibu wa Katiba, lakini ufuo umezungukwa na mashamba ya maua na mahoteli, na mvuvi au mfugaji hufika majini kupitia vichochoro vichache. Wao wana mto wa mwinyi na njia ya umma. Sisi tuna mto wa umma na njia ya mwinyi.

Kutoka Naivasha hadi korongo la Njorowa, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, ni mwendo mfupi, na hapo ndipo swali la pili linapouma.

Mwezi Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwakuta vijana wa kanisa katika korongo hilo na kuwaua saba. Septemba 2019 maji yalikuja tena, na watu saba wakafa, mwelekezi wao akiwa miongoni mwao. Korongo la aina hiyo ni kama mfereji: mvua inaweza kunyesha mbali, juu vilimani, huku walio chini wanapiga picha kwenye jua. Maji yanapofika, kuta za mwamba hazina pa kushika. Baada ya msiba wa 2019 Shirika la Wanyamapori lililifunga korongo, na viongozi wakatuma rambirambi.

Waingereza nao walizika watoto kabla ya kujifunza. Machi 1993 wanafunzi wanane wa shule moja ya Plymouth, pamoja na mwalimu wao, walipelekwa baharini kwa mitumbwi midogo katika ghuba ya Lyme na waelekezi wawili wa kituo cha michezo. Wanne wakafa. Ilibainika kwamba miezi kadhaa kabla, waelekezi wengine wawili waliokuwa wakifanya kazi katika kituo hicho walikuwa wamemwandikia mkurugenzi barua wakimwonya juu ya usalama. Mwaka 1994 kampuni ilihukumiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kwa kampuni nchini Uingereza, na mkurugenzi akafungwa. Mwaka 1995 ikapitishwa sheria ya leseni kwa wanaowapeleka watoto katika michezo ya hatari, na inatumika Uskoti pia. Uswisi ilichelewa zaidi. Tarehe 27 Julai 1999 dhoruba iliwakuta wateremka korongo katika kijito cha Saxetbach, karibu na Interlaken, na watu 21 wakafa, watatu wao waelekezi. Wakuu wa kampuni walihukumiwa 2001, lakini sheria ya nchi nzima ya kusimamia shughuli hizo ilianza kutumika 2014.

Katika visa hivi naona jambo moja ambalo taarifa za msiba hupenda kuliruka. Karibu kila mara kuna mtu wa chini aliyejua, au aliyeweza kujua: mwelekezi. Yeye ndiye anayesikia harufu ya mvua na kuona povu. Kumpa mafunzo ni jambo jema, lakini mafunzo hayamsaidii iwapo kusema "leo hapana" ni sawa na kulala njaa. Mwelekezi anayelipwa kwa kila kundi analoliingiza korongoni, akiona wingu juu ya vilima, anapima vitu viwili kwa pamoja: wingu lile, na karo ya mtoto wake. Tukimwachia mizani hiyo peke yake, sisi ndio tunaoamua matokeo.

Kwa hiyo nawauliza watumishi wa umma wanaonisoma, hasa walio katika wizara ya utalii na serikali za kaunti. Ada inayolipwa langoni inaweza kutenga fungu la kumlipa mwelekezi siku ambayo korongo limefungwa kwa sababu ya hali ya hewa. Hilo halihitaji mkopo wa benki yoyote ya dunia. Kipimo cha maji chenye king'ora juu ya korongo si teknolojia ya kutisha. Uskoti, vipimo vya mito hutangazwa na idara ya mazingira na mtu yeyote anaviona kwenye simu yake, na binti yule alivisoma kabla ya kifungua kinywa. Na neno la mwelekezi aliyefunga korongo lisiweze kutenguliwa na afisa aliye ofisini, wala na mgeni aliyetoka mbali na anayedai kwamba ndege yake inaondoka kesho.

Wanaharakati nao wana la kufanya. Tumezoea kudai ripoti za wizi wa fedha, na tunafanya vyema. Tudai pia kwamba kila msiba wa korongoni, ziwani au mlimani ufuatwe na uchunguzi utakaochapishwa wote, ukieleza nani alionya, alimwonya nani, na saa ngapi. Barua ya waelekezi wa Lyme ilisomwa mahakamani na ikamfunga mkurugenzi. Hapa kwetu, mwelekezi wa Njorowa mwenye wasiwasi amwandikie nani?