MTUMWA NA ASEME MWENYEWE

Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua habari za utumwa zifundishwavyo: Mwingereza aliona huruma, akawafungua watumwa, basi. Mtoto aandika jina la Wilberforce, apata alama zake. Je, hiyo ndiyo historia?

Ndugu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mary Prince alizaliwa mtumwa kisiwani Bermuda. Alinadiwa sokoni mbele ya mama yake mzazi, kisha akatumikishwa majini katika mashamba ya chumvi hata miguu ikajaa vidonda. Mwaka 1831, huko London, alisimulia maisha yake, yakapigwa chapa kuwa kitabu.

Mwaka 1833 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa, likatoa fidia ya pauni milioni 20. Kwa nani? Kwa mabwana! Mtumwa hakupata hata ndururu. Tena wengi walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale mpaka 1838.

Walimu, fungueni kitabu cha mama huyu darasani. Mtoto akiisha kumsikia aliyefungwa, ndipo aulizwe: uhuru ule ulitolewa, au ulidaiwa?