Guangzhou ina zaidi ya maduka ya jumla

Wapo wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoijua Guangzhou kuliko Kigoma. Wanajua jengo lipi la mtaa wa Xiaobei lina jinzi za bei ya jumla, wakala yupi hachelewi kujaza kontena na wapi pa kupata wali na maharage. Ukiwauliza kuhusu mji wenyewe, wengi watakutajia maduka tu. Wanafuata mzigo, wanalala, wanarudi.

Hiyo ni hasara. Mji huo umehifadhi historia ya kazi ile ile inayowapeleka huko, na umeiweka karibu kabisa na mitaa wanayofikia.

Kutoka Xiaobei hadi Makumbusho ya Mfalme wa Nanyue ni mwendo mfupi wa teksi. Mwaka 1983, mafundi waliokuwa wakichimba kilima ili kujenga nyumba waliibukia kaburi la Zhao Mo, aliyetawala eneo hilo katika karne ya pili kabla ya Kristo. Maiti yake ilikuwa imevishwa vazi la vipande 2,291 vya jade vilivyoungwa kwa nyuzi za hariri, na hapo ndipo wageni wengi hupiga picha. Mtu wa Afrika asiishie hapo. Kaburini zilikutwa pia pembe tano za ndovu, na watafiti walizitambua kuwa za tembo wa Afrika, si wa Asia. Palikuwa na ubani vilevile, na kasha la fedha la mtindo wa Kiajemi. Miaka zaidi ya 2,100 iliyopita, kabla ya viza na bili ya shehena, mali ya bara letu ilikuwa imeshafika Guangzhou.

Kisha kuna Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti mikongwe zaidi China. Mnara wake mweupe wa mviringo una urefu wa mita 36 hivi, na zamani mabaharia waliutumia kuongoza vyombo mtoni. Waislamu wa huko wanasimulia kuwa mwasisi wake ni Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wengi hawalikubali hilo, ila hawana shaka kwamba enzi za utawala wa Tang Waarabu na Waajemi walikuwa na mtaa wao mjini humo, wakiuza na kununua.

Ukumbi wa ukoo wa Chen, uliokamilika mwaka 1894, nao una jambo la kumfundisha mtu wa vikoba. Watu wa jina hilo kutoka wilaya nyingi za jimbo la Guangdong walichangishana fedha wakaujenga, ili vijana wao wanaokuja mjini kwa mitihani ya serikali ya kifalme wapate pa kufikia. Ukiinua macho utaona kingo za juu za paa zimejaa sanamu za udongo wa kuchoma zilizopakwa rangi: wahusika wa tamthilia, ndege, majoka. Picha ya simu haiutendei haki.

Watakaopinga watasema muda ni fedha na kila usiku wa hoteli ni gharama. Ni kweli. Lakini kila anayefuata mzigo anazijua siku za kungoja, kiwanda kikimalizia oda au wakala akitafuta nafasi melini. Siku hizo huishia kitandani na simu mkononi.

Kwa hiyo wanaopanga safari za makundi kwenda Maonesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika huko mara mbili kwa mwaka tangu 1957, waweke nusu siku ya kutembelea mji katika ratiba na kuitaja waziwazi katika bei. Wateja wao wabebe pasipoti na kuweka nafasi mapema pale inapotakiwa. Mkalimani naye, ambaye tayari amelipwa kwa siku nzima, ataweza kuwasomea maelezo ya makumbusho kama anavyowasomea bei.