Viatu Vyetu na Miguu Yetu

Wasomaji wenzangu, yawezekana mtaniona mtu wa mambo madogo kwa kuleta habari za viatu katika gazeti hili, ambamo wenzangu huandika juu ya masomo, michezo na maendeleo ya nchi. Lakini tazameni paredi ya asubuhi. Mtamwona mmoja amesimama kwa mguu mmoja, wa pili kautoa kisigino nje apate nafuu. Mwingine kakikanyaga kiatu chake nyuma mpaka kimekuwa ndara. Na wa tatu achechemea kwa malengelenge, naye akiulizwa husema kwamba alijikwaa. Hao si wavivu. Wamevaa viatu visivyowafaa.

Maoni yangu ni kwamba sisi wa Jangwani, ambao soko la viatu la Kariakoo liko mlangoni petu, twanunua viatu kwa macho, nao wavaaji ni miguu.

Jambo la kwanza lahusu nyumbani, na nalisema kwa heshima, maana wazazi hufanya hivyo kwa uhaba wa fedha. Mtoto akiingia kidato cha kwanza hununuliwa kiatu cha kukulia, kimpitacho kwa namba mbili, kikajazwa karatasi mbele. Sababu yaonekana njema: mguu utakua. Lakini mguu wa msichana kwa kawaida hukaribia kukoma kurefuka apatapo miaka 13 au 14, na huo ndio umri wa kuingia sekondari. Basi twasubiri ukuaji ambao karibu umekwisha pita! Kwa ndugu zetu wavulana, ambao miguu yao huchelewa kukoma, nafasi kidogo si mbaya. Lakini kiatu kikizidi mno, mguu huteleza ndani yake kila hatua, vidole hujikunja ili vikishike, kisigino huchubuka, na soli huisha upesi kwa kuburuzwa. Mwisho wa mwaka mzazi hununua tena.

Jambo la pili ni letu wenyewe. Twapenda kiatu chenye ncha. Mguu wa mwanadamu ni mpana mbele kwenye vidole na mwembamba nyuma. Kiatu cha ncha kina umbo la kinyume. Ukikivaa miaka mingi, kidole gumba husukumwa kuelekea wenzake, na mfupa ulio kando yake huota nundu isiyoondoka kwa kupaka dawa. Na mchuchumio huongeza taabu, kwa kuwa uzito wa mwili wote humwagwa kwenye vidole. Siwakatazi kuuvaa arusini saa mbili tatu. Lakini yule dada avaaye mchuchumio kwenda nao sokoni kwa miguu na kurudi, mimi humhurumia kuliko kumwonea wivu.

Sasa twende Mtaa wa Kongo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliosema hivyo hawakuiona Kariakoo ya leo, ambako kizuri na kibaya vyote vyatembezwa mabegani mwa vijana. Mnunuzi husimama kwa mguu mmoja juu ya kipande cha boksi, watu wakimsukuma huku na huku, ajaribu kiatu kimoja tu. Akisema chabana, muuzaji humjibu, “Kitaachia chenyewe, dada.” Jibu hili nalo lina ukweli nusu. Ngozi huachia kidogo kwa upana, lakini haiongezeki urefu. Na plastiki haiachii kitu ila rangi yake.

Dawa yake ni nyepesi. Nyumbani simama juu ya karatasi, mwenzako akuchoree nyayo zote mbili, maana mara nyingi mguu mmoja hupita wa pili. Ukate karatasi hiyo uende nayo. Nenda jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo mchana kutwa, na kiatu kilichokutosha asubuhi hukuuma alasiri. Vaa vyote viwili, simama, upate nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole chako kirefu. Kisha kikunje kiatu: kikunjike pale vidole vinapokunjikia, kikikunjika katikati kama chapati, kirudishe. Mitumba naisifu, kwani mara nyingi ngozi yake ni imara kuliko ya kiatu kipya cha bei ileile, ila geuza soli uitazame. Kisigino kilicholika upande mmoja kimekwisha kufuata mwendo wa mtu mwingine, nawe utalazimishwa kutembea kama yeye.

Wako wasemao kwamba wazee wetu walitembea pekupeku na miguu yao ilikuwa imara. Ni kweli, na tena Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki huko Roma mwaka 1960 bila viatu. Lakini mwaka 1964 huko Tokyo alivaa viatu, akashinda tena, na kwa mwendo wa kasi zaidi. Tena wazee hao hawakupita bonde la Msimbazi la leo wakati wa masika, maji ya mafuriko yakichanganyika na ya vyoo, na vipande vya chupa chini yake. Minyoo ya safura huingia mwilini kwa ngozi ya mguu.

Nawafikiria zaidi bibi zetu na mama zetu wenye kisukari. Dakta Zulfiqarali Abbas wa hapa Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi juu ya vidonda vya miguu vya wagonjwa hao. Kisukari kikikaa mwilini huweza kuua hisia za nyayo, hata mtu akanyage msumari asijue, kidonda kioze, na mguu ukatwe. Kwa mtu kama huyo kandambili si kiatu: gidamu humchubua kati ya vidole naye hasikii. Yampasa kiatu kilichofunikwa, kipana mbele, laini ndani, na kila asubuhi akikung'ute na kukipapasa kwa mkono kabla ya kukivaa, huenda kuna kijiwe.

Kwa hiyo wakati mwingine tukiomba fedha ya viatu vyetu, na tumchoree bibi nyayo zake pia. Anayeona vingine, hasa wapenzi wa ncha, naomba anijibu katika gazeti la muhula ujao.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu