Kiwanja kidogo si sababu ya kuinyima nyumba hewa



Anayepita mitaa ya Ngarenaro, Kaloleni, Unga Limited au Sombetini jijini Arusha ataona jinsi nyumba zilivyobanana. Kiwanja kilichokuwa cha familia moja kimegawanywa kwa warithi, au kimejengwa vyumba vya kupangisha hadi kwenye mpaka wa jirani. Dirisha la huyu linatazama ukuta wa yule, na vyumba vingine havina dirisha kabisa.

Wengi husema ardhi ya mjini ni ghali, tufanyeje? Hoja hiyo ina ukweli. Lakini wembamba peke yake hauleti maradhi. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, hivyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, kiasi cha mita 3 tu kwa upana. Hata hivyo waliojenga waliacha ua wa ndani ulio wazi juu ili mwanga na hewa viingie. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita nayo ina ukumbi unaopita kutoka mlango wa mbele hadi uani. Ukifungua milango miwili, upepo unapita. Tulichofanya sisi ni kuujaza ua huo mabanda ya kupangisha.

Madhara yake ni makubwa. La kwanza ni kifua kikuu, ugonjwa ambao kijidudu chake kilitangazwa na Robert Koch mwaka 1882. Mgonjwa akikohoa, vijidudu huweza kuelea kwa saa kadhaa ndani ya chumba kilichofungwa, na wote wanaolala humo wanavivuta. Hewa safi huvipunguza na jua huviua. Kumbuka kuwa Hospitali ya Kibong'oto, upande wa Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa hao, wakati dawa za kuponya kifua kikuu hazijapatikana. Siku hizo tiba iliyotegemewa duniani ilikuwa mapumziko, chakula na hewa safi. Leo dawa zipo na hutolewa bure, lakini aliyetibiwa miezi 6 kisha akarudi kulala na mgonjwa mwingine katika chumba kisicho na dirisha anaweza kuambukizwa upya.

La pili ni jiko la mkaa. Arusha ipo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na miezi ya Juni hadi Agosti baridi huwa kali. Watu huziba kila upenyo na kuingiza jiko chumbani. Wengine hudhani kuwa mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, hatari imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, na aliyelala huenda asiamke. Mtume (s.a.w) alituagiza tusiache moto ukiwaka majumbani tunapolala. Ni agizo la kuokoa roho.

La tatu ni unyevu. Pumzi za watu watano au sita, nguo mbichi na mvuke wa chakula huacha ukungu ukutani, na mwenye pumu hapati nafuu.

Kwa mtazamo wetu, chumba kisicho na dirisha ni stoo, na haifai kumpangisha mtu alale humo. Tunasema haya hasa kwa wenye nyumba, ambao wengi ni ndugu zetu tunaosali nao safu moja. Kodi ya chumba kimoja cha nyongeza si kitu mbele ya afya ya watoto wa mpangaji na wako pia, kwani ukijaza ua hata vyumba vyako vinakosa hewa. Dini yetu inakataza kudhuriana, na nyumba yenye nafasi imetajwa katika mambo ya furaha ya mja. Kama huwezi kuongeza upana, usiuzibe ua. Acha kichochoro kati yako na jirani, na kila chumba kiwe na dirisha na matundu ya hewa juu ya ukuta. Ukihofia wezi, weka nondo. Ukihofia mbu, weka wavu.

Ama mpangaji, fungua mlango na dirisha kila asubuhi, hata kama kuna baridi. Usiku ongeza blanketi, jiko libaki nje. Toa magodoro juani. Akiwepo mwenye kukohoa wiki 2 au zaidi, apelekwe zahanati apimwe makohozi. Mtu akizidiwa na hewa ya mkaa, mtoeni nje mara moja na mumpeleke hospitali.

Maimamu nao walizungumze hili kabla baridi haijaingia, na maafisa afya wa kata wasisubiri kipindupindu ndipo waje kukagua nyumba.