Hadubini Imesainiwa

Na Zaina Shekigenda

Jumanne nilipita shuleni kwa binti wa kaka yangu, kidato cha tatu, sekondari ya kata huko kwetu Usambara. Baada ya shikamoo nikamuuliza wanasoma nini siku hizi. Seli, akasema. Akaokota kijiti akanichorea mchangani seli za ngozi ya kitunguu: vijumba vimepangana kama matofali, kila kijumba na kidoti chake. Mchoro safi kabisa. Nikamuuliza, "Uliziona?"

"Hapana, shangazi. Mwalimu alichora ubaoni, tukanakili."

Nikaomba kuonana na mwalimu wa Baiolojia. Ni kijana mpole, somo lake analijua, na sina ugomvi naye. Akanifungulia maabara. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, likamsumbua. Ndani kuna meza za zege zilizosakafiwa vizuri, sinki lisilo na bomba, magunia ya mahindi yameegemezwa ukutani, na kabatini boksi. Ndani ya boksi mna hadubini mpya, bado iko kwenye nailoni yake.

"Mbona haitumiki, mwalimu?"

"Mama, hiyo nimeisainia mimi."

Mtu akitaka kuijua sera yetu ya sayansi, asihangaike na makabrasha ya wizara. Ni maneno hayo. Jina la kijana yule liko kwenye leja ya vifaa. Kifaa kikivunjika ataandika barua ya maelezo, ataitwa, na anaogopa kukatwa mshahara. Kisipoguswa miaka kumi, hakuna atakayemuuliza kitu. Anayekuja kukagua anahesabu: hadubini moja, ipo, nzima, tiki. Haulizi ni watoto wangapi wameinamia lenzi yake. Serikali imewafundisha walimu kuogopa hasara ya kioo, haijawafundisha kuogopa hasara ya mtoto, na hilo linanichoma.

Maabara ile naijua tangu msingi. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Muda uliwekwa hadi Novemba 2014, ukasogezwa hadi Juni 2015. Wananchi wakachangishwa. Kaka yangu alibeba mchanga kutoka mtoni; jirani yake aliuza mbuzi ili amalizie mchango. Watu wale hawakuchanga kwa ajili ya ghala la mahindi.

Wasomaji wa siku nyingi mnamjua mwalimu wangu wa Kemia, yule wa choya. Kwa wageni nitasema kwa kifupi. Hatukuwa na maabara, akachemsha choya, yale maua mekundu ya juisi, akatugawia kwenye vikombe vya plastiki. Ukikamulia ndimu, wekundu unakolea. Ukitia maji ya majivu, rangi inageuka kuwa ya kijani mbele ya macho yako. Asidi na besi nilizijua siku ile, na sijazisahau mpaka leo. Vikombe vilipasuka vingi, wala hakuna aliyeandika barua.

Na milima ni ile ile ya Usambara. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, wanafunzi wakijitengenezea aiskrimu. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Alipouliza sababu alichekwa. Mwaka 1969 yeye na Profesa Denis Osborne walichapisha jambo hilo, na wanasayansi duniani wanaliita kwa jina lake. Mtoto yule aliruhusiwa kugusa friji.

Leo tuna mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, tangu 2019, na tangu 2022 kuna ufadhili wa masomo, Samia Scholarship, kwa wanaofaulu vizuri sayansi kidato cha sita. Naviunga mkono vyote viwili. Lakini vinamsubiri mtoto mwisho wa safari, na wa kwetu anakwamia kwenye kufuli. Namwomba waziri jambo moja lisilohitaji hata mfuko wa saruji: kwenye leja iongezwe safu ya matumizi, tarehe gani, darasa gani, wanafunzi wangapi. Na kifaa kilichovunjikia mikononi mwa wanafunzi kipindini kifutwe bila mwalimu kuitwa popote.

Nilimwambia kijana yule, "Itoe. Ikivunjika, andika kwamba nimeivunja mimi." Akasita, akaitoa. Kikapuni nilikuwa na vitunguu vya kupeleka nyumbani. Akabandua ngozi nyembamba, akaitandaza juu ya kioo na tone la maji, akaisogeza hadubini dirishani ipate mwanga. Binti akainama. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Shangazi, mbona ni nyingi hivi?"

Dirishani wenzake walikuwa wamejazana, wanasukumana, kila mmoja anaomba zamu. Kengele ikalia. Mwalimu akaifuta lenzi kwa pindo la shati lake, akairudisha hadubini kwenye nailoni, akafunga kufuli.