Chaja ya Klipu za Gari: Usimuuzie Mteja Nusu ya Bidhaa

Leo sina ofa, nina kisa na maoni yangu. Ukiuza vitu vya umeme mtandaoni, soma mpaka mwisho.

Nina kaduka hapa Sola, Simiyu. Nauza chaja, betri, taa na spika, na wateja wengi nawapata kwenye stetasi ya WhatsApp. Umeme sijausomea popote. Nilimaliza form four nikaanza kuchokonoa spika mbovu za mjomba, ndiyo shule yangu.

Mwaka jana niliagiza chaja tatu kutoka Kariakoo. Ni zile ndogo zenye kioo, ambazo wenzetu wanatumia kuchaji betri za magari na ndege za rimoti. Zinachaji pakti za lithiamu, kwa hiyo zinawafaa sana vijana wanaotengeneza spika za kutembea nazo mnadani. Ila hazina waya wa kuchomeka ukutani. Zina klipu mbili, nyekundu na nyeusi, za kubana kwenye betri ya gari.

Mimi nikapost: "Chaja kali, betri aina zote, tumia nyumbani au kazini."

Kijana mmoja wa Bariadi akachukua. Siku ya tatu akapiga simu: "Kaka, chaja yako imetoa moshi." Nikamuuliza umeichomeka wapi. "Gari sina. Nimekata waya wa chaja ya laptop nikaunganisha na klipu."

Hapo nikajua kilichotokea. Chaja nyingi za laptop zinatoa volti 19 au 19.5. Chaja niliyomuuzia inapokea volti 11 hadi 18, basi. Nikamwambia kosa ni lako. Akanijibu kwa upole tu: "Kaka, wewe uliandika nyumbani. Nyumbani kwangu ingeingia wapi?"

Sikuwa na jibu. Yule kijana alikuwa ameshapokea advansi ya spika mbili za watu. Nikampa chaja ya pili pamoja na adapta yake, bure. Faida ya chaja zote tatu ikaishia hapo.

Sasa maoni yangu ni haya: ukimuuzia mtu kifaa cha volti 12 na hujamwambia atakiwasha na nini nyumbani, umemuuzia nusu ya bidhaa. Nusu nyingine ataitafuta mwenyewe kwa kubahatisha, na akikosea jina litakaloharibika ni lako.

Najua wengine watasema, "Maelezo si yapo kwenye boksi?" Yapo, kwa Kingereza cha herufi za sisimizi. Wengine watasema ukiongeza adapta bei inapanda, mteja anakimbilia kwa jirani. Kweli, nimepoteza wateja wawili hivyo. Lakini wawili hao hawajanipigia kuniambia nyumba inanuka moshi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Umeme wa TANESCO ukutani ni volti 230 na ni wa kubadilika. Chaja inataka volti 12 za moja kwa moja kama za betri. Kwa hiyo unahitaji kitu cha kukaa katikati. Angalia chaja inatoa wati ngapi. Yangu inatoa 50. Ongeza kidogo kwa sababu nyingine inapotea kama joto, weka 60. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 5. Kwa hiyo tafuta adapta ya volti 12, ampea 5 au zaidi. Ampea zikizidi hakuna shida, chaja inavuta inazohitaji tu. Volti ndiyo hazitakiwi kuzidi.

Njia ninazowashauri wateja ni tatu.

Ya kwanza ni hiyo adapta. Ila stika usiiamini. Zipo zimeandikwa ampea 5 na ni nyepesi kama kiberiti kitupu. Mimi naiwasha na chaja, naweka betri, naipa kazi nusu saa huku nimeshika mita. Volti zikishuka chini ya 11 au adapta ikiwa ya moto hadi huwezi kuishika, siuzi.

Ya pili ni pawasapulai ya kompyuta ya mezani iliyokufa. Waya wa njano ni volti 12, mweusi ni hasi. Nyingi zinawaka ukiunganisha waya wa kijani na mweusi. Soma kwenye stika upande wa volti 12 una ampea ngapi. Boksi lake usilifungue kabisa, ndani kuna umeme unaobaki hata ukichomoa ukutani. Kama hujazoea, mpe fundi.

Ya tatu ni betri ya sola ya volti 12, kwa wenye nayo. Hapa bana klipu kwenye betri, kamwe si kwenye paneli. Paneli tunayoiita ya volti 12, kwa jua letu hili la Simiyu, inaweza kutoa volti 20 na zaidi ikiwa haijabebeshwa kazi. Itakuwa yaleyale ya laptop.

Kwa njia yoyote, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi. Pima na mita kabla ya kubana.

Na mwambie mteja upande wa betri pia. Seli moja ya kawaida ya lithiamu ikijaa ni volti 4.2, kwa hiyo pakti ya seli tatu inajaa kwa 12.6. Achague aina sahihi na idadi sahihi ya seli kwenye kioo, na waya mdogo wa kusawazisha seli auchomeke. Betri ya 2,200 mAh aichaji kwa ampea 2.2 au chini. Achaji juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia, na yeye akiwa macho. Betri iliyovimba haichajiwi. Moto wa lithiamu hauna mchezo.

Siku hizi posti yangu inasomeka hivi: "Chaja ya pakti za lithiamu. Inaingiza volti 11 hadi 18, haichomekwi ukutani moja kwa moja. USITUMIE chaja ya laptop. Na adapta yake niliyoipima ni bei hii, bila adapta ni bei hii." Mteja anachagua mwenyewe, akijua anachagua nini.

Chaja ya tatu niliiuza kwa posti hiyo, pamoja na adapta. Na yule kijana wa Bariadi? Mwezi uliofuata aliniletea wateja wawili.

Haya, fungua posti yako ya mwisho ya kifaa cha umeme. Umeandika kinaingiza volti ngapi? Kama hujaandika, irekebishe leo kabla hujapigiwa simu kama niliyopigiwa mimi.